Pauni Tano za Bi Sikudhani

Rafiki yangu, sogea karibu. Nakuandikia wewe kwa sababu nakuamini, na kwa sababu ndiwe utakayekalia kile kigoda changu cha nyuma ya duka, mkono wa kushoto wa mizani. Mguu wake mmoja mfupi. Weka gazeti lililokunjwa chini yake, usiweke kitambaa, kitambaa kinateleza na mizani inacheza. Hilo la kigoda ndilo jepesi kuliko yote ninayotaka kukuachia.

Macho yangu yamechoka. Hamsini sijafika, lakini miaka yote ile ya kubana jicho kwenye lenzi na kuinamia moshi wa tindikali imefanya kazi yake. Jumapili kanisani nashika kitabu cha nyimbo kwa mazoea tu, naimba kwa kichwa. Masomo ananisomea binti yangu Veronika, na hata hapa ndiye aliyenipigia mistari minene kwa rula ili kalamu isipotee. Ukikuta neno limepanda juu ya jingine, nivumilie.

Nililipwa nini na niliongezwa lini, hayo hayatakusaidia. Nitakueleza kazi ilivyo, halafu nitakueleza kosa langu moja. Makosa mengine niliyafanya pia, lakini hayo yalikufa. Hili bado linatembea.

Mie si mtu wa pwani. Nilikuja na mume wangu kutoka Tabora, yeye akifanya kazi ya reli, tukajenga kibanda cha makuti Kinondoni wakati Kinondoni ni mihogo na minazi tu, na fisi mnamsikia. Mume akafa kwa homa akaniachia watoto watatu. Masista wa misheni walikuwa na darasa la jioni la watu wazima, nikajiunga. Sista wa hesabu alikuwa na kengele mkononi, ukisinzia anakugongea sikioni. Darasa zima tulikuwa kinamama tuliotoka kulima na kufua, kwa hiyo ilikuwa jioni ya kengele kweli kweli. Lakini nilitoka pale najua kusoma, kuandika na kugawanya mpaka baki la mwisho.

Sista huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Fazal. Alikuwa Mhindi wa Kishia, mwembamba, mwenye duka la dhahabu na fedha za zamani kule Uhindini. Alitaka mtu wa kufagia na kufuta vumbi, asiye mwizi. Sista akamwambia, huyu anaungama kila Jumamosi. Mzee Fazal akasema hiyo ni dalili nzuri, au mbaya sana.

Siku yangu ya kwanza alinipa sinia la fedha na rupia moja kuukuu, nyeusi tii, akaniambia, "Safisha," akaenda kuswali. Mie mwanamke niliyelelewa na mama mwenye sufuria zinazong'aa, unafikiri nilifanya nini? Nikachukua majivu, nikachukua ndimu, nikasugua. Sinia lilitoka kama mwezi. Na ile rupia niliisugua pande zote mbili mpaka ikawa kama imetoka jana, sura ya mtu aliyechorwa imekuwa laini, pua imekwisha. Mzee Fazal aliporudi aliichukua, akaigeuza, akaiweka mfukoni. Kesho yake ndipo akanifundisha: weusi wa kitu cha kale ni umri wake. Mkusanyaji anaununua umri. Ukiutoa, umebaki na uzito, na uzito hata sonara wa sokoni anauuza.

Basi ukipewa fedha ya kale, ifute kwa kitambaa laini kikavu, mwisho. Mrashi wa marashi ya waridi, chetezo cha ubani, birika, bakuli la kunawia, vyote ni hivyo hivyo. Ukiona bado una hamu ya kusugua, nenda kasugue masufuria yako nyumbani.

Sasa, kwa nini mfagiaji akafundishwa kupima? Kwa sababu ya eda. Wewe umezaliwa mjini unaijua, lakini mie wa Tabora ilibidi nielezwe. Mwislamu akifiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wanaume wasio maharimu wake hawaingii kwake. Na humo humo ndani ndimo mna mikufu, vikuku, vyombo vya fedha, na warithi wanataka kujua kila kitu kina thamani gani. Mzee Fazal hawezi kuingia. Mjane hawezi kuja dukani. Kumpa shemeji avibebe, hamwamini, na mara nyingi ana haki ya kutomwamini. Kwa hiyo ilitakiwa mwanamke anayejua mizani. Hakuwepo, ikabidi atengenezwe, na aliyekuwa karibu na ufagio ni mie.

Alinifundisha karibu miaka miwili kabla sijaenda peke yangu. Kwenye kikapu changu cha ukili kulikuwa na vitu vitano: mizani ndogo ya kushika mkononi, mawe yake ya tola, kipimo cha masonara wa Kihindi, kwenye kijisanduku, lenzi, jiwe jeusi la kusugulia dhahabu, na kichupa cha tindikali chenye kizibo cha kioo. Unalisugulia jiwe ile dhahabu, inaacha mstari wa njano. Unadondosha tindikali. Mstari ukibaki, dhahabu. Ukitoka povu la kijani ukapotea, shaba. Kichupa nilikifunga kwa kitambaa mara tatu, na bado gauni langu la kazi lilikuwa na matundu kama nimepigwa marisau.

Fedha utaijua kwa alama. Ile ya Kiingereza imegongwa kisimba kidogo kinachotembea. Kama hakipo, shuku ni shaba iliyochovywa fedha tu, angalia pembeni palipolika kama panaonyesha wekundu. Ile ya Kiarabu na ya Kihindi haina simba, hiyo unaijua kwa mkono wa fundi, na mkono wa fundi hauandikiki kwenye karatasi. Utaujua baada ya vyombo mia tatu hivi. Pauni ya dhahabu ina kichwa cha mfalme huku, na mpanda farasi anayemchoma joka kule. Iangushe juu ya marumaru: dhahabu inalia, lakini kilio chake kirefu na chembamba. Ya bandia inasema "ta" ikanyamaza.

Na Mzee Fazal alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia mpaka nikayachoka. La kwanza, pauni usiipime ikiwa imevaa nguo. Kinamama wa pwani huzivaa pauni shingoni, na ili zivalike fundi huizungushia pauni pete nyembamba ya shaba ukingoni na kuipa kitanzi. Hiyo pete ndiyo nguo. Inafunika ukingo, inaua sauti, inaongopea mizani. Ivue kwanza. La pili alilisema hivi: "Mama Vero, kusema sijui nako ni kupima. Mtu akikulipa kwa sijui ya kweli, hajaonewa."

Nilikuwa nikiitikia ndiyo Mzee. Nilikuwa najua kila kitu.

Wakati wa vita ya Hitla nilitembea sana. Nguo hakuna, mchele wa foleni, watu wakatoa fedha zao makabatini. Nilienda Msasani kwa wavuvi, nilienda Kipawa, nilienda Temeke mpaka viatu vikaisha soli. Nikishika mrashi wa mtu naujua uzito wake kabla sijauweka kwenye mizani, na nikitaja thamani naona uso wa mwenyewe unavyoanguka. Watu hudhani cha kale chao kina thamani ya kilichowapata. Hakina. Baada ya vita wakaja wakusanyaji, Wazungu wa serikali na wake zao. Mmoja wa kule ufukweni alinunua mrashi uliotumika kwenye arusi za wasichana wa vizazi vitatu, nikaukuta mezani kwake umejaa pilipili manga. Aliniuliza kama nadhani unapendeza. Nikasema unapendeza, Mungu anisamehe.

Basi mwaka mmoja baada ya vita, tukaletewa habari kutoka Temeke. Mzee Salum, nyapara wa makuli bandarini, amekufa kwa kifua, na kaka yake, Mzee Mbwana, anataka vitu vya ndani vipimwe. Nikabeba kikapu.

Mjane, Bi Sikudhani, nilimkuta amekaa juu ya mkeka, kanga nyeupe kichwani, hana hata hereni. Pembeni yake yupo wifi yake, Bi Tatu, dada wa marehemu. Ukumbini, upande wa pili wa pazia, alikaa Mzee Mbwana na wazee wawili wa mtaani wawe mashahidi. Nikampa Bi Sikudhani shikamoo na pole. Akaitika marahaba mwanangu, kwa sauti ya mtu asiyelala.

Nikapima chetezo, nikapima bangili, nikapima sinia. Kila nilipotaja, Mzee Mbwana aliandika huko aliko. Mwisho Bi Sikudhani akafungua kisanduku cha mti wa mpodo, akatoa mkufu wenye pauni tano. Bi Tatu akasema hiyo si ni mahari, haihusiani na mirathi. Bi Sikudhani akasema anajua haihusiani.

"Nataka ipimwe wasikie," akasema, na akaigeuzia sauti yake kwenye pazia. "Miaka yote mmekuwa mkisema Salum hakumaliza mahari yangu. Aliniahidi pauni tano mbele ya baba yangu, akaja na moja. Zilizobaki alizileta mojamoja, miaka kumi na tisa. Hii ya tano aliileta akiwa anakohoa damu. Nataka huyu mama aseme mbele yenu kwamba amemaliza."

Unaona, rafiki yangu, alichokiweka mkononi mwangu. Mkufu hakuuleta auze. Alileta jina la mumewe.

Nikauchukua. Pauni zote tano zilikuwa zimevalishwa pete nene, kazi ya fundi wa barabarani, kila pete imepambwa kwa waya uliosokotwa kama mkeka. Nikamwambia, kwa heshima yako mama, nitahitaji kuzivua. Akakataa. Akasema kila pauni Salum aliipeleka mwenyewe kwa fundi, akakaa pale barazani mpaka ikaisha, akamletea mkononi. Haivuliwi na mtu yeye akiwa bado yumo edani. Na akaomba nisimkwaruze mfalme usoni.

Hapo ndipo pa kusema sijui. Pako wazi kama mlango. Ningesema, mama, kwa hali hii siwezi kujua, tungoje eda iishe uje dukani. Kikombe cha chai, kwaheri, nyumbani.

Lakini kule nyuma ya pazia Mzee Mbwana alikuwa amechoka kungoja. Akasema, "Mbona kimya? Mie nilidhani Mhindi ataleta mpimaji, kumbe kaleta mama wa rozari. Au anasali kwanza ndo ajue?" Wale wazee wakacheka. Bi Tatu naye akacheka kwenye kanga.

Nikaona moto usoni. Nikachukua jiwe, nikasugua ukingo wa pauni ya kwanza. Nakuambia ukingo, maana ndivyo nilivyojiambia. Nilichosugua ni ile pete. Nikadondosha tindikali. Povu la kijani. Nikasugua ya pili, ya tatu, zote. Kijani, kijani. Nikaugonga mkufu kwenye kisahani nikasikia "ta". Kila nilichofundishwa kinachoweza kudanganya kilinidanganya mbele ya macho yangu, nami nikakiamini kwa kuwa kilinipa jibu upesi.

Nikasema kwa sauti, ili nyuma ya pazia wasikie vizuri kwamba mama wa rozari anajua kazi: "Hizi si dhahabu."

Bi Sikudhani akauliza, "Ipi?"

"Zote tano, mama."

Hakulia. Aliutazama mkufu kama mtu anayetazama mlango ulioachwa wazi. Bi Tatu ndiye aliyesema, polepole, karibu kwa utamu, "Kaka Salum jamani. Hata mkewe." Na nyuma ya pazia hakucheka mtu tena, nikasikia kalamu ya Mzee Mbwana ikikwaruza karatasi. Nikafunga kikapu changu. Njiani nilijisikia vibaya, lakini vibaya vya kumhurumia mtu, si vya kujishuku. Nilimwombea Mzee Salum kanisani, eti Mungu amsamehe udanganyifu wake. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Nilipiga magoti nikamwombea.

Ikapita miezi. Siku moja niko sokoni Kariakoo, mama mmoja anapewa nazi mbovu, akamwambia muuzaji, "We, usinipe mahari ya Salum." Wote wakacheka. Nikamuuliza maana yake. Akasema ni msemo wa Temeke, kitu cha bandia kinachong'aa. Kuna bwana mmoja alimdanganya mkewe miaka ishirini kwa shaba. Nikasikitika, nikanunua nazi zangu.

Karibu mwaka ulipotimia, sonara mmoja wa Kariakoo akaingia dukani na pauni moja, akijua Mzee Fazal anapenda zilizopambwa. Nilikuwa kwenye kigoda. Niliuona ule waya uliosokotwa kama mkeka kabla hajauweka mezani. 

Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema kwa muuza masufuria, yule anayezunguka akibadilishana sufuria mpya na shaba kuukuu. Kuna mjane Temeke alimpa mkufu mzima, akachukua sufuria ya bati. Sonara akaununua kwa bei ya shaba, akaanza kuzikata pete zile, akaona ndani mna nini. Nne ameshauza kwa wasafiri wa meli. Hii aliiacha na pete yake kwa sababu ya ule waya. Akacheka, akasema, "Kuna mtu huko aliambiwa ni bandia. Zote tano, Mzee. Dhahabu safi."

Mzee Fazal hakunitazama. Akaikata pete kwa koleo, akaiangusha pauni juu ya marumaru. Ikalia, kirefu, chembamba. Nilisikia mpaka mwisho wake.

Sonara alipolipwa na kuondoka nikamwambia Mzee kila kitu, tangu pazia mpaka nazi. Nilingoja anifukuze. Yeye akainuka, akatoa kile kibati cha biskuti kilichokuwa juu ya kabati tangu siku yangu ya kwanza, kile alichotukataza kukifungua. Siku zote nilidhani ndimo anamoweka vilivyo bora katika mkusanyo wake, maana wakusanyaji wote wanacho kibati chao. Akakifungua. Mlikuwa na sarafu kumi na kitu na vipande vya fedha, kila kimoja na kikaratasi kwa Kigujarati. Pauni ya bandia aliyoinunua kwa ya kweli. Kipande cha bakuli alilolikata kuliyeyusha halafu akaona alama. Ulikuwa mkusanyo wa makosa yake, miaka thelathini. Na chini kabisa ilikuwemo rupia yangu, isiyo na pua.

Nikamwambia hili si kosa lako, ni langu. Akasoma kikaratasi cha ile rupia: nilimpa mtu kazi sikumwambia namna.

Nikanyoosha mkono niitie ile pauni humo pamoja na zake. Akanizuia.

"Hii haikai humu," akasema. "Hii ina mwenyewe. Peleka." Akanisukumia ile pete iliyokatwa. "Hiki ndicho chako."

Kisha akaongeza, akiwa ameshanipa mgongo: "Jiwe halikukosea, Mama Vero. Ulilisugulia pete, likasema pete."

Siku tatu sikwenda. Nakuambia ili usifikiri nilikuwa jasiri. Niliungama kwanza, padri akanipa Salamu Maria kumi na akaniambia nirudishe kilicho cha watu. Siku ya nne nikapanda basi la Temeke.

Bi Sikudhani hakuwa tena kwenye nyumba ile. Eda ilipoisha alihamia kwa kaka yake, Mtoni, chumba cha uani. Nilimkuta anachambua mchele. Akanitambua, akanikaribisha, akanipa kigoda. Ile sufuria ya bati ilikuwa jikoni na wali ndani yake. Nikapiga magoti chini kwenye vumbi kabla sijakaa, nikaiweka pauni juu ya ungo, katikati ya mchele, nikasema yote. Nilisema nilisugua pete. Nilisema nilifundishwa nisifanye hivyo, nikafanya kwa sababu shemeji yake alinicheka. Nilisema zote zilikuwa dhahabu, na nne zimekwenda.

Aliichukua ile pauni. Akaipitishia kidole gumba ukingoni, pale pete ilipokuwa.

Halafu akaniambia, wala hakupandisha sauti: "Siku uliyokuja nilikuwa na siku tisa za eda. Hizo tisa nilimlilia. Zilizobaki zote nilimlaani. Arobaini yake sikutoa hata kikombe cha uji. Watoto wake niliwaambia baba yenu alikuwa mwongo, na mkubwa hajaenda kaburini kwake mpaka leo. Wewe mama unamwomba Mungu. Niambie, hizo siku nitazirudia wapi?"

Nikamwambia nisamehe.

"Kusamehe sijui," akasema. "Labda, labda hapana. Lakini ulisema mbele za watu. Mbwana alisikia, Tatu alisikia, wale wazee walisikia, wakasambaza mtaa mzima. Nenda ukaseme na hili. Mlango kwa mlango, kwa mdomo wako. Usimtume mtu."

Padri alinipa Salamu Maria kumi. Bi Sikudhani alinipa Temeke.

Nilianza mchana ule ule. Mzee Mbwana alinisikiliza akiwa amesimama, akasema tu, "Kwa hiyo alimaliza," akaingia ndani akafunga mlango. Nikamsikia analia kama mtoto. Bi Tatu alinitukana, na sikumjibu, maana lile tusi lilitustahili mie na yeye, tukagawana. Nikabisha hodi nyumba ile, nyumba hii, nikijitaja: mie ndiye mpimaji wa siku ile, pauni za Mzee Salum zilikuwa dhahabu, nilikosea mie. Wengine walinipa pole. Wengine walinihesabu kichaa. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mwanangu, lakini ile hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Nilirudi Jumamosi tano mfululizo baada ya kazi mpaka mtaa ukaisha, kisha Mtoni, kisha Chang'ombe.

Bi Sikudhani hakuniambia amenisamehe. Tulikuwa tukikutana hospitalini siku za dawa, nampa shikamoo, anaitika marahaba, basi. Kijana wake mkubwa nilisikia alikwenda kaburini. Bi Sikudhani alifariki mwaka juzi. Ile pauni alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, hakuitia tena pete.

Mie niliendelea na kazi, kwa sababu watoto wanakula. Lakini tangu hapo nimesema sijui kwenye nyumba nyingi kuliko nilivyosema thamani, na hakuna mjane aliyenifukuza kwa hilo. Ile pete iliyokatwa nimeitundika kwenye msumari juu ya mizani. Iache hapo. Mteja akikuuliza ni nini, mwambie ni shaba. Wewe ukitaka kusema upesi kwa sababu kuna mtu anacheka, itazame.

Na sasa ombi langu, ndilo lililonifanya nimsumbue Veronika na rula yake. Mwezi uliopita nilikuwa Kipawa kumsalimia mjukuu. Msichana wa miaka kumi na mitano hivi alikuwa anamtania mwenzake kwa bangili zake za njano. Akamwambia, "Ondoka na mahari yako ya Salum." Nikamwita, nikamuuliza Salum ni nani. Akasema hajui bibi, ndivyo watu wanavyosema. Nikamweleza pale pale, akanitazama macho yangu haya yanayotoka maji, akasema ndiyo bibi. Sijui kama alisikia.

Miguu yangu haifiki kila lilikofika lile neno nililolisema mara moja tu. Yako inafika. Kwa hiyo wasomee wenzio hapo dukani, nao wawasomee kwao. Na popote mtakaposikia msemo ule, sokoni, kisimani, arusini, msicheke na msipite. Msimamisheni aliyeusema, mwambieni kwamba Salum alikuwa nyapara wa bandarini, mkaazi wa Temeke, na mkewe alikuwa Bi Sikudhani. Aliahidi pauni tano, akazileta mojamoja kwa miaka kumi na tisa, na zote tano zilikuwa dhahabu. Mwambieni mpimaji ndiye aliyesugua pete. Na yeye akamwambie mwenzake.